Sabufa ya kiwandani ya Celsior imeoza, niitengeneze au niitoe kabisa?

Kobe wa Tabata

Wakuu habari zenu. Nina Toyota Celsior ya 98, bodi ya UCF20, ilikuwa ya baba mdogo akaniachia mimi. Injini ile V8 ya 1UZ haijawahi kunipa presha, rangi iko poa, AC inagandisha. Kinachonikera ni sabufa, ile moja ya kiwandani iliyolala kwenye dashbodi ya nyuma chini ya kioo. Sauti ikiwa ndogo huisikii kabisa, nikipandisha kidogo tu besi ikiingia inakwaruza na kugonga mpaka abiria wa nyuma anageuka kuangalia kuna nini. Juzi nimejilaza kwenye buti na tochi ya simu, nikapitisha kidole kwenye matundu ya fremu, kikarudi na unga mweusi unaonata. Yani ule ukingo wa sponji unaoshika koni umekwisha, koni inaelea tu.

Nimepita kwa mafundi wawili. Wa kwanza kasema ng'oa kila kitu, weka redio mpya, amplifaya na boksi la inchi 12 kwenye buti, laki saba na nusu na kazi yake. Wa pili kasema elfu ishirini anakata tyubu ya baiskeli anagundisha pembeni, jioni naondoka na gari. Sasa mmoja ananitisha bei, mwingine ananitisha kwa urahisi wake.

Redio yenyewe sitaki kuitoa kwa sababu iko kwenye skrini moja na AC, ukiing'oa hiyo unabaki na shimo na huwezi hata kupunguza baridi. Mi nasikiliza taarabu na rumba za zamani, sina haja ya kutikisa mabati ya majirani, nataka lile gitaa la besi lisikike basi. Mnanishauri nini?

Mjukuu wa Bandari

Celsior ya 98 mpaka leo mkuu?? Hela ya sabufa ongezea kwenye mafuta, hiyo V8 inakunywa kuliko mwenye gari 😂

Fundi Spika Ilala

Mkuu Kobe, kwanza kabla hujaendelea kusoma, kachomoe plagi ya hiyo sabufa leo leo. Koni isiyo na ukingo inayumba, na ikiyumba ile koili ya ndani, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, inasugua chuma cha sumaku, kila wimbo unaopiga unaipunguzia maisha. Plagi ikichomolewa amplifaya haipati madhara yoyote na spika za milango zitaendelea kupiga kama kawaida.

Pili, ulichokiona ni ugonjwa wa kawaida kabisa na wala si kwamba baba mdogo alikuwa anapiga sana muziki. Sponji ya aina ile inaoza yenyewe, hata sabufa ikae kwenye boksi lake dukani. Unyevu unaivunjavunja taratibu, joto na jua vinaharakisha, na sabufa yako imekaa chini ya kioo cha nyuma kwenye hewa ya Dar, sasa hapo unategemea nini? Miaka kumi na kitu au ishirini ndo umri wake, yako imejitahidi.

Ila ukingo kuoza si sabufa kufa. Sumaku haichoki, koni ya karatasi ikiwa haijachanika inadumu, na koili ikiwa nzima basi unarudisha ile ile iliyowekwa kiwandani, ambayo inaendana na amplifaya yake. Ndo maana mi mteja akija na hizi gari za Kijapani za zamani namwambia tupime kwanza, ununuzi baadaye.

Kupima ni kazi ndogo. Chomoa plagi, weka mita kwenye ohmu, kile kipimo cha ukinzani wa umeme, gusa miguu miwili ya sabufa. Ikisoma kama 3.2 mpaka 3.6 hiyo ni ya ohmu nne, ikisoma 1.6 mpaka 1.9 hiyo ni ya ohmu mbili. Ikigoma kusoma kabisa koili imekatika au waya wake umekatika. Halafu chukua betri moja ya rimoti, ile ya volti moja na nusu, chanya kwa chanya hasi kwa hasi, gusa na kuachia. Koni inatakiwa iruke kwenda nje. Hapo hapo weka alama ya chanya kwa maka pen, ukija kurudisha waya kinyume besi ya sabufa inapingana na ya milango na utasema fundi kakuibia.

Sasa hiyo habari ya tyubu ya baiskeli. Mkuu mpira wa tyubu ni mzito na mgumu, koni inakuwa inavuta mzigo na haiwezi kwenda mbali, kwa hiyo besi ya chini inapotea unabaki na bum bum ya katikati. Kwenye spika ya sabufa ya nyumbani watu wanafanya na maisha yanaenda, ila kwa sabufa iliyolala wazi kwenye dashbodi ya gari utajuta. Tafuta ukingo wenyewe wa spika, wa sponji mpya au wa mpira laini. Usiende dukani ukasema nipe wa inchi 8, zinatofautiana. Pima upana wa fremu pale unapogundishwa, upana wa ule mkunjo nje na ndani, na upana wa koni. Kosea milimita chache tu na mkunjo hautakaa.

Kazi yenyewe siri iko kwenye usafi na kuweka koili katikati. Gundi ya zamani kwenye fremu unaitoa kwa asetoni, lakini kwenye koni ya karatasi tumia spiriti kidogo kwa kitambaa, asetoni usiisogeze. Gundi iwe ya spika, ile nyeupe inayokauka ikabaki laini. Supa glu inakauka ngumu inapasuka, na gundi za viatu nyingine zinayeyusha sponji mbele ya macho yako. Unaanza kugundisha kwenye koni, unaacha ikauke kabisa, ndo unahamia kwenye fremu. Hapo kwenye fremu ndo wengi wanaharibu kwa haraka. Weka vidole vyako pande zote za koni, isukume chini taratibu sawasawa ukiwa umetega sikio. Ukisikia krr, koili inagusa, sogeza kidogo wakati gundi bado mbichi. Wengine tunakata kile kifuniko cha katikati tunachomeka vipande vya karatasi ngumu kuzunguka koili ili isihame, tunavitoa gundi ikikauka. Acha siku nzima. Fundi anayekwambia jioni unaondoka nayo huyo ana haraka zake.

Abuu Maskati

Assalaam alaykum. Fundi hapo juu kasema kweli tupu. Mimi niko Maskati, huku Lexus LS400 ambayo ndiyo hiyo hiyo Celsior kwa jina jingine bado zimejaa barabarani, wazee hawataki kuziachia. Na jua la huku la Juni unalijua, gari ikilala nje ndani mnachemka, kwa hiyo sabufa za nyuma zimeoza karibu zote. Ukienda Wadi Kabir kwenye magereji, mafundi wa Kihindi wanakuuliza tu "foam?" kabla hujafungua mdomo.

Naongeza mambo mawili ambayo yule fundi wa boksi la inchi 12 hakukwambia, au hajui. Ndugu yangu gari hiyo kiti cha nyuma hakikunji, na nyuma ya kiti kuna tenki la mafuta. Maana yake buti na ndani ya gari ni vyumba viwili tofauti. Ukiweka boksi kubwa kwenye buti, besi inabaki kwenye buti inatikisa namba ya gari na mfuniko, watu wa nje ndio wanaofaidi muziki wako. Njia pekee ya besi kuingia ndani ni tundu la hiyo sabufa ya dashbodi. Kwa hiyo hata ukiamua kuweka boksi, sabufa ya zamani itoe uache tundu wazi, na usimruhusu mtu kupiga skrubu kwenye ukuta ule wa nyuma ya kiti. Nimesema tenki.

La pili, kama utanunua sabufa mpya ya kuweka pale pale juu, usichukue yoyote iliyoandikwa inchi 8. Sabufa nyingi za siku hizi zimetengenezwa kukaa kwenye boksi lililofungwa, hewa ya ndani ya boksi ndiyo inayoizuia koni isikimbie. Pale kwenye dashbodi hakuna boksi, buti zima ndilo boksi. Sabufa ya boksi ukiiweka pale koni inakwenda mbali kuliko inavyotakiwa, inagonga chini, na kwa nguvu ndogo ya amplifaya ya kiwandani hata sauti haitoki vizuri. Mwambie muuzaji unataka inayofaa kukaa wazi bila boksi. Angalia na kina chake, maana chini yake kuna vyuma vya mfuniko wa buti, sumaku ndefu inagonga.

Na kuna jamaa watakwambia agiza iliyotumika Sharjah. Zipo, tena nyingi, na bei si mbaya. Lakini fikiri, inatoka kwenye gari la umri ule ule na jua lile lile. Unanunua ukingo uliooza kutoka nchi nyingine. Labda upate ambayo imeshafanyiwa kazi.

Mama Kluger

Jamani mi naomba nipingane kidogo na hawa wapenzi wa vitu vya asili. Si kila mtu ana muda wa kukaa na sabufa mezani siku mbili. Mi kwenye Kluger yangu nimeweka zile sabufa nyembamba za chini ya kiti zenye amplifaya humo humo ndani, nimechukua sauti kwenye waya za spika za nyuma, redio ya kiwandani haijaguswa, dashbodi haijakatwa. Kwa taarabu inatosha na inabaki. Siku nikiuza gari nachomoa naondoka nayo, hilo ndo nililolipenda zaidi.

Ila angalieni nyaya. Fundi wa kwanza aliyenifungia alivuta waya wa chanya kutoka kwenye betri bila fyuzi yoyote, akaupitisha kwenye tundu la bati bila hata kipira, akanipigia muziki mkubwa nifurahi. Mdogo wangu ambaye ni fundi umeme ndo alifungua boneti akashika kichwa. Bati lilikuwa limeshaanza kula ganda la waya. Ule waya ukigusa bodi hakuna kitu cha kuuzuia, unawaka wote mpaka chini ya zulia. Fyuzi inakaa karibu na betri kabisa, si kule kwenye amplifaya, kwa sababu unalinda waya na si amplifaya. Mkaka Kobe hata ukifuata njia yako ya kutengeneza, siku ukiongeza amplifaya kumbuka hilo.

Nyali Boy

Salaam kutoka Mombasa. Mama Kluger amesema ukweli mtupu kuhusu fyuzi, na niongeze hesabu kidogo maana watu hununua amplifaya kwa maandishi ya kwenye boksi. Amplifaya ya kutoa wati 300 za ukweli, ikiwa ni ya aina ya kisasa yenye ufanisi wa kama asilimia 80, inavuta kama ampea 27 kwa volti 13.8. Ile ya zamani inayopasha moto kwenye asilimia 60 inavuta kama 36. Sasa mtu anaiwekea waya mwembamba wa taa halafu ashangae mbona taa za dashi zinacheza na besi. Na chungeni waya wa bei rahisi, nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Ukwangue kwa kisu, ukiona weupe ndani ushajua.

Bro Kobe, kuhusu redio usiiguse. Ukitaka amplifaya ya nje kuna kale kakonveta kanakochukua sauti ya waya za spika na kuipunguza iingie kwenye amplifaya. Hapo skrini yako inabaki, AC inabaki. Na kama FM yako bado ni ya Kijapani inayoishia 90, kuna kifaa kidogo kinawekwa kwenye waya wa eriali kinashusha masafa. Kikiwa cha 20, stesheni ya 100 unaisikia kwenye 80. Stesheni zilizo chini ya 96 ndizo zitakuwa nje, hapo tafuta cha kushusha 12 au zaidi kidogo kulingana na unazozipenda. Si kitu kizuri sana, sauti inashuka kiasi, lakini bora kuliko kusikiliza kelele.

Kobe wa Tabata

Aisee nimeshukuru sana wakuu, na dada Mama Kluger pia. Mjukuu wa Bandari we endelea kucheka tu, lifti ya Celsior hutapata.

Plagi nimechomoa. Leo nimeazima mita kwa jirani, nimepima, inasoma kwenye ile ya ohmu nne aliyosema Fundi, halafu betri ya rimoti koni imeruka nje vizuri. Lakini kuna kitu sijaelewa, nikibonyeza koni kwa kidole huku mita imeunganishwa, namba zinarukaruka, mara inapanda mara inashuka hata chini ya sifuri. Koili imepasuka au?

Fundi Spika Ilala

Hapana, hiyo ni kawaida. Koili ikitembea ndani ya sumaku inazalisha umeme wake mwenyewe, ndo unaoichanganya mita. Ibonyeze koni uishikilie pale pale bila kutikisa mkono, usubiri namba itulie. Ikitulia kwenye namba ile ile ya mwanzo, safi. Ikienda kwenye hakuna kitu ukiwa umeshikilia sehemu fulani, basi zile nyaya za kusuka zinazotoka kwenye miguu kwenda kwenye koni mojawapo imekatika ndani. Hiyo nayo inatengenezeka, ila kwa waya wa kusuka wa spika, usikubali akuwekee waya wa kawaida, ule hauvumilii kupinda mara elfu, utakatika tena ndani ya wiki.

Ukiwa umeitoa, angalia na kile kitambaa cha njano chenye mikunjo chini ya koni. Kikiwa kimeachia kwenye fremu, kukigundisha ni kazi ya dakika chache ukiwa umeshafungua, ukikisahau unarudi tena mezani.

Na nikutahadharishe kitu kimoja usije ukanitukana. Amplifaya za hizi gari za miaka ya 90 kapasita zake nazo zinazeeka, nyingine zinavuja ule ute wake kwenye bodi. Ukirudisha sabufa nzima halafu ikawa inanguruma mfululizo hata muziki ukiwa umezimwa, au inapiga tup kila ukiwasha gari, au iko kimya kabisa wakati mita inasema iko sawa, usianze kulaumu ukingo. Hapo ni kufungua amplifaya na kubadili kapasita, kazi ya fundi mwenye pasi ya kuchomelea na mkono mtulivu, si ya kubahatisha.

Kobe wa Tabata

Nimeishikilia, imetulia namba ile ile juu na chini. Sasa swali la mwisho, naitoaje bila kuvunja vitu? Naona imefunikwa na ile dashbodi yote.

Abuu Maskati

Kwa upole ndugu yangu. Plastiki ya miaka hii imekauka, haina huruma. Kalio la kiti cha nyuma kwanza, linashikwa na vibano mbele chini, unanyanyua kwa kishindo kidogo. Halafu mgongo wa kiti, fungua bolti zake za chini, unausukuma juu unaachia. Kisha zile plastiki za nguzo pembeni ya kioo, hizo ndizo zinazovunjika vibano, tumia kibao cha plastiki au mpini wa mswaki, bisibisi itakuachia alama. Ukifika kwenye taa ya tatu ya breki chomoa waya wake kabla hujavuta dashbodi. Fanya saa za mchana gari likiwa limepata joto, plastiki inakuwa laini kidogo. Asubuhi na baridi inapasuka.

Na usifunge bila kuijaribu. Unganisha sabufa ikiwa wazi, piga muziki, sikiliza.

Fundi Spika Ilala

Na skrubu zake usikaze moja mpaka mwisho ukahamia nyingine, fremu ya bati nyembamba inapinda na ile kazi yote ya kuweka koili katikati inapotea. Zungusha kwa mkabala, kidogo kidogo. Weka utepe wa sponji nyembamba chini ya fremu, na pale dashbodi inapogusana na bati, ndo utakuwa umemaliza ile mitetemo. Kama huna uhakika na kugundisha, toa sabufa peke yake uniletee au umpelekee fundi yeyote wa spika pale Gerezani anayekubali kukaa nayo usiku mmoja, gari liache nyumbani.

Mjukuu wa Bandari

Na gari likiwa nyumbani bila kiti cha nyuma si ndo mafuta yanapungua kidogo 😂 Haya mkuu Kobe, ikipona weka picha.